Niliyemwombea Macho

Mtaa ule wa Waarabu, Umm Salal, mweusi nilikuwa mie peke yangu, na urefu juu yake. Nikitoka kutupa taka, magari yanapunguza mwendo. Watoto wa jirani walilowesha vidole kwa mate wakanisugua mkono, waone kama rangi inatoka. Mama yao akacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje? Dukani mtu alinipiga picha nikichagua vitunguu. Vitunguu, jamani! Na mie nilipoondoka Mombasa nilijiambia, nakwenda kwa Waislamu wenzangu, dini itanisitiri. Ujinga mwingine hauna dawa.

Aliyeninusuru ni ajuza niliyeajiriwa kumtunza. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, haoni ila mwanga. Kila Ijumaa nikishamwogesha nilimsomea Suratul-Kahf kwa ile sauti ya kuvuta tuliyofundishwa chuo cha Kurani, naye amenishika mkono mpaka nimalize. Kwamba natoka Kenya alijua, sikumficha. Aliniita binti yangu, tena mbele ya wageni. Wageni wakinikodolea, yeye wala. Chumbani mwake nilikuwa mtu tu, na wallahi kutwa nzima nilisubiri kuitwa mle.

Siku moja akaniambia, "Macho yakipona, tutakwenda Umra, mimi na wewe."

Basi nikamwombea. Nilisujudu nikilia: Ya Rabbi, mfungue macho. Sijapata kuomba kitu kwa moyo safi kama ule.

Alipasuliwa, na siku ya kutoa bandeji tulikuwa naye nyumbani, mie na bintiye wa kumzaa. Alimtazama bintiye, akalia kwa furaha. Akaitazama mikono yake mwenyewe, akashangaa ilivyozeeka. Nikasema, "Alhamdulillahi, mama." Akaigeukia sauti yangu huku anatabasamu, na tabasamu likamkwama usoni. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, vilevile wanavyonitazama dukani. Nikampa mkono kama ilivyo kawaida yetu. Akauficha wake ndani ya abaya.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana, ningekuwa na la kujibu. Alikuwa akijua nilivyo, lakini kumbe kujua na kuona ni mambo mawili. Nilikwenda bafuni nikafungulia maji, nikalia mpaka nikaona aibu.

Umra alikwenda na bintiye. Mie nikahamishiwa jikoni, na wa kumtunza akaletwa mwingine. Sina hamu ya kuhama. Nyumba nyingine nako si watanitazama tu?

Ijumaa bado huniita nimsomee. Nawekewa kiti nje ya chumba, mlango umeachwa wazi kidogo, nami namwona alivyokaa kitandani. Hunisubiri niketi. Nikishaketi, kabla sijatamka bismillahi, anafumba macho.