Mzungu Aliuliza: "Yule Daktari Yuko Wapi?"

Yule mama wa Kizungu alikuwa amelala chini mbele ya duka langu, macho yamegeuka meupe.

Na yule chizi wa stendi alikuwa amepiga magoti karibu na kichwa chake, vidole viwili kavitumbukiza mdomoni mwa mama wa watu.

Saa nne asubuhi. Jua linawaka. Stendi ya Mugumu imejaa.

Ndugu zangu, nilichofanya baada ya hapo ndicho kinanifanya niandike. Msinihurumie. Someni tu.

Naitwa Hamim. Kwetu ni Tarime mjini, Nyamisangura, ila hapa Mugumu nina mwaka wa kumi na moja. Nauza vikapu, shuka za Kimasai, shanga na vinyago. Wateja wangu ni watalii. Magari yanayoingia hifadhi ya Serengeti yanasimama hapa, watu wanashuka kuchimba dawa vyooni, wananunua maji, na wenye moyo wanaingia kwangu.

Mwaka jana mtalii mmoja aliporwa simu pale stendi. Habari ikasambaa mitandaoni fasta. Wiki mbili nzima madereva hawasimami, wanatuachia vumbi tu.

Tukapigika vibaya. Wafanyabiashara tukaunda kikundi cha ulinzi wa wageni, mwenyekiti nikawa mimi.

Kikao cha kwanza nikasimama: "Hawa wanaolala vibarazani waondoke. Wanachafua jina la mji."

Watu wakapiga makofi.

Hakuna aliyeuliza kama mporaji alikuwa mmoja wao. Hata mimi sikuuliza.

Walikuwa sita au saba hivi. Tukawasumbua mpaka wakahama, isipokuwa mmoja. Tulimwita Mabegi, kwa sababu alitembea na mifuko mitatu ya salfeti. Mzee mrefu, ndevu nyeupe, koti la mvua mwilini hata kiangazi. Alilala kwenye baraza la ghala moja lililofungwa, jirani na duka langu.

Haombi. Hatukani mtu. Asubuhi anafagia mbele ya kibanda cha Winfrida, mama muuza chai, anapewa kikombe na andazi, basi.

Mimi kila jioni nilikuwa namfokea aondoke. Mara mbili nilimwaga maji kwenye lile baraza kabla hajatandika maboksi yake. Ndoo nzima. Kipindi cha baridi.

Nilijiona nafanya kazi ya mji.

Sasa siku yenyewe. Athanas, dereva wa watalii tunayefahamiana siku nyingi, alisimamisha gari akapeleka tairi kuziba pancha. Abiria wake alikuwa mama mmoja, mtu wa miaka sabini hivi, akaja dukani peke yake. Akaonyesha kikapu cha juu kabisa. Nikaingia stoo kutafuta kingine kama kile.

Nikiwa huko nikasikia kishindo. Nikadhani gunia limedondoka kwa jirani.

Kidogo, sauti ya Winfrida: "We Mabegi! Rudisha sukari yangu! Mabegi!"

Nikatoka mbio.

Ndipo nikaona nilichowaambia. Mkoba wa mama umefunguliwa, vitu vimetapakaa. Kopo la sukari limepinduka. Vidole vya Mabegi mdomoni mwa mgeni.

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Mwizi! Anamuua mzungu!"

Na teke la kwanza nilipiga mimi. La ubavuni.

Mzee akainua mkono mmoja. "Subirini! Mlazeni ubavu! Mpeni suka..."

Hakumaliza. Bodaboda walishafika. Magige, kijana wa kijiwe cha mbele, alikuwa ameshika helmeti. "Mura," akaniita, kama vijana wa Kikurya wanavyoitana, "leo hatoki huyu!"

Sitaelezea yote. Nitasema kitu kimoja tu, kwa sababu ndicho kinachonirudia.

Hakukinga kichwa chake. Alimwinamia yule mama, akamfunika kwa mwili wake ili miguu yetu isimkanyage.

Sisi tukaona anamkaba. Tukazidisha.

Polisi walipofika alikuwa hatikisiki. Wakambeba nyuma ya gari lao mpaka hospitali. Athanas akamkimbiza mgeni wake hospitali ile ile.

Mimi? Nilipigwa mabegani. "Mwenyekiti, umeokoa mgeni!" "Kweli wewe ni jembe!" Wakanipiga picha nimesimama mlangoni, ikaingia kwenye magrupu ya mji mzima. Nikatabasamu kwenye ile picha. Bado ipo.

Saa nane mchana nikabeba matunda, nikaenda kumpa mgeni pole.

Nilimkuta amekaa kitandani anakunywa juisi, rangi imerudi. Aliponiona akasema kitu kwa Athanas, Kiingereza cha haraka haraka.

Athanas akamsogelea. Akamwomba arudie.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza yule daktari yuko wapi."

"Daktari gani?"

Athanas hakuniangalia. "Anasema ana kisukari. Asubuhi alijichoma sindano ya dawa yake, halafu hakula vizuri, sukari ikashuka. Alipoanguka alikuja mzee mwenye koti, akamshika mkono, akamwuliza kwa Kiingereza, mama, una kisukari? Akaitikia kwa kichwa. Mzee akatafuta kitu kitamu kwenye mkoba, akakosa. Akakimbia, akarudi na sukari, akawa anampaka ndani ya shavu. Anataka kumshukuru."

Matunda yalinitoka mkononi. Nasema kweli, yalibingirika mpaka chini ya kitanda.

Nilienda wodi ya wanaume.

Nesi mmoja alikuwa anamsafisha uso yule mzee, huku machozi yanamtoka. Kitambulisho chake kimeandikwa Eugenia.

"Dada, unamfahamu?"

"Huyu ni Kornelio," akasema. "Alikuwa tabibu. Ndiye aliyenifundisha mimi kuchoma sindano, nikiwa mgeni kabisa kazini, zahanati moja huko vijijini."

Akanieleza kwa vipande vipande, anakamua kitambaa, anaendelea. Kornelio aliletwa na serikali kutoka Kagera, hana ndugu huku. Mke wake alifia uzazini, yeye akiwa zamu anazalisha wake za watu wengine. Mtoto naye hakupona. Akaanza pombe. Kazi ikaisha, na nyumba ya serikali ukiachishwa kazi unakabidhi funguo. Pombe aliiacha baadaye. Nyumba haikurudi.

"Nilipohamia Mugumu nilimwona stendi," Eugenia akasema. "Nikamwita kwa jina, akajifanya hanijui. Nikaona aibu, nikapita zangu. Miaka mitatu napita tu."

Mzee akafungua jicho moja. Lile lingine lilikuwa limevimba lote.

"Yule mama?"

"Anaendelea vizuri," nikasema.

"Sukari imepanda?"

"Imepanda."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akanitazama vizuri. "Wewe ni wa dukani."

"Ndiyo. Shikamoo, mzee."

Miaka yote ile, hiyo ilikuwa shikamoo yangu ya kwanza kwake.

"Marahaba." Kisha akauliza: "Nani alipiga kelele?"

Ukweli ulikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi.

"Sijui, mzee. Watu walikuwa wengi."

"Haya," akasema. Akafumba jicho lake.

Nikatoka. Nikajiambia, kesho nitakuja na uji, nitamwambia yote, nitamwomba msamaha akiwa na nguvu za kunisikia.

Kesho yake mke wangu Ikram alipika uji, nikafika saa moja asubuhi na chupa yangu.

Kitanda kilikuwa kimetolewa shuka.

Eugenia alinipeleka pembeni, kwenye korido. "Amefariki alfajiri. Damu ilikuwa inavujia ndani."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akasema:

"Jana jioni polisi walimhoji. Wakamwuliza nani alianzisha. Akajibu alikuwa ameinama, hakuona mtu."

"Kweli hakuona," nikasema. Jamani, hata wakati ule nilikuwa bado najificha.

Eugenia akatikisa kichwa. "Walipoondoka akaniambia ni yule wa dukani. Alisema sauti yako anaijua, ndiyo inayomfukuza kila jioni. Nikamwambia basi niwaite polisi warudi. Akanishika mkono. Akasema, usimtaje, ana watoto."

Niliketi pale pale sakafuni. Watu wanapita, wananikwepa.

Alijua. Aliniuliza huku anajua. Alikuwa ananifungulia mlango tu, mimi nikaufunga.

Dada yake Kornelio alipatikana kwa simu, akafika siku ya tatu, tukazika hapa hapa Mugumu. Yule mama wa Kizungu aliahirisha safari yake, akaja kaburini na Athanas, kavaa kanga aliyofungwa na Winfrida. Akauliza daktari wake amekufaje.

Athanas akanigeukia.

"Mwambie ukweli," nikasema. "Mwambie ni mimi."

Akamwambia. Mama hakunitukana. Alinitazama kwa muda, akafunika uso kwa kanga, akamshika dada wa marehemu mkono. Hakunigeukia tena.

Kutoka makaburini sikurudi nyumbani. Ikram alikuwa amenisindikiza, nikamweleza njiani ninakokwenda. Alilia, kisha akasema, "Nenda." Nikaingia kituoni nikaandika maelezo yangu, kuanzia kelele mpaka teke.

Haya nayaandika nikiwa nje kwa dhamana. Tumeshtakiwa watano kwa kuua bila kukusudia, Magige mmoja wetu. Kesi inaendelea, siwezi kusema zaidi. Duka nimelifunga. Kikundi kina mwenyekiti mwingine.

Nilidhani usalama wa mgeni ni kumwondoa machoni mtu asiye na pa kulala. Siku mgeni alipokuwa anakufa, mimi mwenye kikundi nilikuwa stoo. Aliyemwona akianguka ni yule niliyekuwa namfukuza.

Kama barazani kwako kuna mtu analala, sikuambii umpe nyumba. Muulize anaitwa nani, ametokea wapi. Mimi nilikuja kulijua jina la Kornelio amebakiza usiku mmoja tu wa kuishi.