Nyonga za Dume wa Lanet

Katika miaka ya hamsini mimi na kaka yangu tulifuga kondoo juu ya Olenguruone, na fisi hawakutupa nafasi. Tulikuwa tumebaki na mbwa mmoja tu wa kutegemewa, jike mpana wa kifua, mwepesi wa miguu. Umri wake ulimruhusu kuzaa mara moja zaidi. Tukikosea kumchagulia dume, zizi lingekosa mlinzi.

Kaka alikuwa ameshachagua. Katika shamba la Mzungu mmoja karibu na Lanet kulikuwa na dume mkali, mweusi mgongoni, aliyeinama nyuma kana kwamba yuko tayari kuruka. Watu walimsifu kwa mwinamo huo. Mimi nilimtazama akiamka. Alisimamisha miguu ya mbele, akangoja, kisha akajivuta. Alipokimbia, miguu ya nyuma iliruka yote pamoja.

Kwetu hakuna anayeoa kabla wazee hawajaulizia ukoo wa msichana: nani ana kifafa, nani alikufa mapema na kwa nini. Nikamuuliza mtunza mbwa habari za mama wa dume yule. Alijibu bila kusita kwamba mama huyo alipigwa risasi akiwa bado na nguvu za kubweka, kwa sababu alishindwa kusimama. Nikamwomba kaka tutafute mwingine, hata wa kawaida, mradi wazazi wake wanajulikana.

Alicheka mpaka mtunza mbwa naye akacheka.

"Umekuwa mshenga wa mbwa siku hizi? Kadai na mahari, basi. Mimi nataka meno, mdogo wangu."

Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Jike akapandishwa.

Watoto walizaliwa wazuri, na wakali kama alivyotaka. Walipokaribia mwaka walianza kukaa chini katikati ya malisho, mmoja baada ya mwingine. Tuliwakanda nyonga kwa maji moto, tukawapa maziwa na mifupa. Haikusaidia. Mvua zilipoanza, fisi walimuua mama yao langoni mwa zizi. Wanawe walibweka wakiwa wamelala chini, wasiweze kuinuka.

Baadaye jirani alikuja kuomba yule mkali kuliko wote kati ya watoto hao, ampandishe jike wake. Nilimweleza kila kitu, polepole, kuanzia kwa bibi yake mbwa huyo, aliyepigwa risasi. Alisikiliza kwa adabu.

"Nimekuelewa, ndugu yangu," alisema. "Lakini huyu anang'ata."

Kaka akampa. Mbwa hakuweza kupanda kilima, kwa hiyo jirani alimtia ndani ya gunia, akambeba mgongoni.