Siku Niliyong'oa Mlango wa Chumba Changu

Aibu hii ni yangu, na kwa kuwa mtaa wetu wote wa Ngokolo uliiona, heri niisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia wenye kutia chumvi.

Enzi za Mwingereza, watu walipoanza kumiminika Geita kutafuta dhahabu, wengi walilala kwanza hapa Shinyanga, na mwenye nyumba wangu, Mzee Shomari, akaona neema: kodi ya chumba ikaruka kutoka shilingi mbili kwa mwezi hadi nne. Asubuhi nikaacha cherehani yangu, nikamfuata barazani kwake.

"Shikamoo, mzee. Nne ni nyingi."

"Marahaba, fundi. Wachimbaji watatoa tano. Ukishindwa, hama."

Nikasema vema, nahama, lakini na mlango wangu (mbao zake nilizinunua mimi, yeye alinikabidhi tundu tupu), tuone mchimbaji gani atalaza mzigo wake mahali pasipo mlango. Nikachukua nyundo, nikaenda kwa kishindo, mzee nyuma yangu, na nyuma yake nusu ya soko. Nikagonga pini za bawaba, mlango ukanijia mikononi.

Ndani, juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, tonge la ugali li mdomoni, alikuwa mama mkwe wangu, aliyefika kutoka Kishapu nilipokuwa kwa mzee. Kwetu Wasukuma mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse akiwa anakula! Nikajificha nyuma ya mlango, nimeukumbatia, miguu tu ikionekana.

"Fundi," mzee akasema, "sasa nazungumza na ubao?"

"Zungumza nao! Ubao unasema mbili!"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

"Tatu, basi."

"Mbili!"

Ndipo mama mkwe akamsemesha mke wangu, aliyekuja mbio kutoka uani (mimi hawezi kunisemesha): "Mama Kulwa, mwambie mumeo, kama ameshanianika hivi mbele ya watu halafu akubali tatu, nakuchukua turudi wote Kishapu."

Mzee Shomari akatazama lile tundu, akatazama umati. "Haya, mbili. Rudisha mlango, mama wa watu ale."

Niliupachika macho nimefumba, nikajiponda kidole. Na mbuzi wa kumwomba radhi mama mkwe alinitoka kwa bei kubwa kuliko kodi yote niliyookoa mwaka ule. Sijutii. Akipandisha tena, nitaung'oa tena. Ila safari hiyo nitapiga hodi kwanza.