Siku Niliyompima Mama Mkwe Joto

Msinicheke kabla sijamaliza. Najua mtacheka tu, na wengine wenu mlikuwepo pale sokoni Uriri mkakimbia na viatu mkononi, lakini mkicheka mapema nitanyamaza na mtabaki na ile habari iliyofika mpaka Homa Bay kabla hata nguo zangu hazijakauka, eti nilimfunga mama mkwe kamba. Sikumfunga. Kamba ilizunguka kiti, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti, hayo ni mambo mawili tofauti. Aibu niliyoipata inanitosha, haihitaji kutiwa chumvi.

Wakati ule wa korona Atieno, mke wangu, alikuwa amerudi kwao Karungu na mtoto. Hatukupigana wala kutukanana. Lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba mimi sikai nyumbani: nikitoka kwa pikipiki nina kamati ya boda boda, nikitoka kwa kamati nina mkutano wa vijana, na chakula kinalala mezani mpaka paka anaamua kukila. Wakati wa kawaida ningewatuma wajomba wakakae na wakwe, waongee, warudi na mke wangu, lakini kaunti ilikuwa imekataza mikusanyiko, kwa hivyo shangazi yangu Min Ochieng, aliyenilea, akapiga simu Karungu wakakubaliana kwamba mama mkwe aje mwenyewe, peke yake, aone ninavyoishi. Akiridhika, Atieno anarudi. Asiporidhika, nijipange. Niliogopa sana, nisiwadanganye, maana nyumba ilikuwa imenyamaza na mtoto alikuwa ameanza kutembea huko kwa watu, mimi sijaona.

"Ufagie boma," shangazi aliniambia, "uvae shati ya mikono mirefu, na kesho ukae nyumbani. Usitoke hata kununua kiberiti. Maro nitampokea mimi huko sokoni." (Maro ndiye mama mkwe, na kwetu ukilisikia hilo neno unajikuta umenyoosha mgongo, hata kama umelala.)

Basi asubuhi nikafagia, nikavaa shati. Ningebaki hapo, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini simu ikalia, ni msimamizi wa wadi, anasema kijana wa kusimama lango la soko hajafika na wakubwa wa kaunti wanapita leo kuangalia kama wananchi wanafuata maagizo, je, ninaweza kuja kushika spika? Ile spika ya mkono, jamani! Niliitamani tangu walipoileta. Nikapiga hesabu zangu kwamba gari za Karungu hufika mchana, nikajiambia naenda kidogo tu, narudi kabla shati haijachafuka.

Wakanivisha koti la kung'aa, nikaongeza kofia na miwani yangu myeusi, na maski juu ya hayo yote, hata mama aliyenizaa asingenijua. Wakanipa na kile kibunduki cha kupima joto. Nikaanza: "Wakazi wa Uriri! Serikali ya kaunti inasema vaeni maski! Osheni mikono! Hakuna kusalimiana kwa mkono! Na kama huna kazi ya maana hapa, kaa nyumbani!" Sauti yangu ikaenda mpaka kwa wauza mahindi ikarudi, na niliporudishiwa nikaipenda, nikaanza kuongeza maneno ambayo kaunti haikuwa imenituma, wala sikuona mchana ukinifikia.

Ndipo akaja mama mmoja na kikapu kichwani, leso ameifunga mdomoni, anatembea haraka kwenye lile jua kali.

"Mama, simama hapo! Hiyo ni leso, si maski!"

"Nimetoka mbali, mwanangu. Niache nipite, kuna mtu ananingoja."

"Kila mtu ametoka mbali!" nikasema, na hilo nilisema kwa spika, sijui kwa nini, alikuwa karibu nami kabisa. "Wazee wameambiwa nini? Wakae nyumbani! Sasa wewe mzee mzima unazurura sokoni unatafuta nini?"

Watu wakacheka, na mimi kichwa kikavimba. Yule mama akamgeukia muuza nyanya, akamuuliza polepole kwa Dholuo, "Ma wuod ng'a?" yaani huyu ni mtoto wa nani. Muuza nyanya akainua mabega.

"Utauliza baadaye," nikasema. "Lete paji la uso."

Nikampima. Kile kibunduki kikalia, kikawaka taa nyekundu. Baadaye nesi alinieleza kwamba mtu aliyetoka juani na mzigo unampumzisha kwanza kivulini, lakini saa ile sikuwa na nesi, nilikuwa na spika. "Joto! Joto liko juu! Kaeni mbali!" Mnajua yaliyofuata. Nyanya zilimwagika, omena zikakanyagwa, fundi wa cherehani akaikumbatia mashine yake akakimbia nayo. Mimi nikamkalisha mama kwenye kiti ndani ya hema lililotayarishiwa wakubwa, nikakizungushia kamba ili mtu asimkaribie, nikasimama pembeni kifua mbele. Yeye alinitazama tu.

Shangazi akatokea upande wa stendi akihema. Yeye alinijua hata na miwani.

"Wewe! Unafanya nini hapa?"

"Nimeshika mgonjwa, shangazi. Usisogee."

Akachungulia ndani ya hema, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yawa! Angalia vizuri ni nani umeshika."

Sasa hapa lazima mnielewe. Siku ya ayie, tulipoenda kuomba kibali cha mama huyo nimwoe Atieno, niliinamisha macho mchana kutwa, kama kijana mwenye adabu anavyotakiwa mbele ya maro. Mngeniuliza sura yake ningeshindwa. Lakini miguu yake naijua, maana ndiyo niliyoitazama kuanzia chai mpaka maombi ya kufunga: kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimempanda mwenzake. Nikashusha macho taratibu, nikiomba Mungu. Kidole kilikuwa pale, kwenye patipati za bluu, kimempanda mwenzake.

Nilirudi nyuma haraka ili niwe mbali naye kama heshima inavyotaka, na nyuma kulikuwa na beseni la maji ya sabuni la kunawia mikono, nikaingia makalio kwanza. Spika ikaruka ikaangukia karibu na kiti, na kitufe chake kikiwa kimenasa, soko zima, mpaka waliojificha, likanisikia nikilia, "Nyasaye, Mungu wangu, nimemfunga maro kamba!" (Basi ile habari ya kufunga ilianzia hapo, mdomoni mwangu mwenyewe, sina wa kumlaumu.)

Nesi akaja, akampima tena kivulini. Mzima kabisa. Wakubwa wa kaunti nao wakafika wakati huohuo, na mmoja wao, baada ya kuelezwa, akanipongeza mbele za watu kwamba huyu kijana hapendelei hata mkwe wake. Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua Karungu inasubiri jibu na jibu ni hili: nimelowa, napongezwa.

Mama mkwe akatoa simu kikapuni. Spika bado iko miguuni pake, bado inasema.

"Atieno? Ndiyo, nimemwona. ... Hapana, nyumbani hayuko. Yuko sokoni." Akaitengeneza leso yake. "Anawaambia watu wakae nyumbani."

Kicheko cha Atieno kilitoka kwenye simu kikaingia kwenye spika kikalijaza soko lote, na mama naye akashindwa, akacheka mpaka akakaa tena ndani ya kamba yangu. Alipofuta machozi hakuniangalia, alizungumza na shangazi, kwa sababu adabu yeye hakuipoteza. "Mwambie huyo mtu, yale maneno alikuwa anatangaza ni mazuri sana. Sasa ayafuate. Mwezi mmoja nikisikia ameyafuata, nitamleta msichana mwenyewe."

Nilikaa nyumbani, jamani. Kamati ikachagua mwingine, vijana wakakutana bila mimi na dunia haikuanguka. Atieno alirudi, na mtoto akatembea kutoka mlangoni mpaka magotini pangu, nikalia waziwazi, nikasingizia moshi. Spika sitashika tena, hata ya kutangaza harusi yangu mwenyewe. Na jioni nikijisahau nikachukua kofia, Atieno hagombi siku hizi. Anachukua mwiko kutoka kwenye sufuria, anauweka mdomoni, anapaza sauti, "Wakazi wa Uriri!" na mimi naitundika kofia.