Bi Tunu na Nyumba Iliyokutwa Wazi

Kila nikikuona umeinamia hiyo kompyuta yako, mwanangu, naikumbuka siku moja nilipokuwa fundi wa kompyuta Mikumi. Enzi hizo intaneti ndiyo kwanza imefika na inapita kwenye waya wa simu. Unafungua barua moja, unaenda kununua vitumbua, unarudi bado haijafunguka. Tulitengeneza programu ya kumsaidia daktari mmoja wa Kilosa kukokotoa dozi za watoto kwa uzito wao. Kiongozi wetu alikuwa Bi Tunu, binti wa kutoka Vidunda, na mpaka leo sijaona fundi kama yule.

Kazi yetu tuliihifadhi ndani ya programu nyingine, ile inayotunza kila toleo na kuonyesha nani kabadili nini. Asubuhi hiyo walioitengeneza wakatangaza kuwa ina tundu: mjanja aliye mbali angeweza kuingia bila nenosiri na kubadili chochote, hata zile dozi. Kiraka cha kuliziba walishakitoa. Bi Tunu akakiweka palepale. Mimi nikashusha pumzi, nikasema yameisha.

"Yameisha wapi?" akaniuliza. "Kwenu ukikuta nyumba ya jirani iko wazi na mwenyewe hayupo, unarudishia mlango unaondoka?"

Desturi yetu unaijua. Unaita watu, mnaingia pamoja, mnatazama kama vitu vyote vipo. Basi akampigia daktari simu asiitumie programu kwanza, akachukua sidii yenye nakala ya zamani ya dozi, ambayo mjanja asingeweza kuifikia, tukapanda basi la Kilosa.

Tulikuta foleni imefika nje, daktari anapiga hesabu kwa mkono na amenuna. Na kwenye benchi, mama yako amempakata dada yako mkubwa, mtoto anachemka homa. Moyo ulinipasuka. Nilitaka kusema jamani, iwasheni tu hiyo kompyuta!

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Tunu, unaona watu walivyojaa?"

"Nawaona, ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Wakaketi pamoja, Bi Tunu akisoma dozi za sasa, daktari akifuatilia za zamani, mpaka mwisho. Hapakuwa na kilichoguswa.

"Kumbe umenihangaisha bure," daktari akasema.

"Si bure, daktari. Asubuhi ulikuwa unadhani ziko sawa. Sasa unajua."

Daktari akacheka, akawasha kompyuta, akamwita dada yako. Dawa ile nilimnywesha mimi mwenyewe, na mkono wangu haukutetemeka. Nampenda Bi Tunu kwa hilo tu, hata angekuwa hajafanya jingine.

Kwa hiyo, mwanangu, ukishaziba tundu usikimbilie kupumzika. Rudi ndani ukague, na umwite anayeitegemea kazi yako mkague naye, hata akinuna. Mola akujalie macho ya Bi Tunu, na siku moja mzazi usiyemjua amnyweshe mwanawe dawa kwa kazi yako, mkono wake ukiwa umetulia.