Njuga Kwenye Foleni ya Maji

Leonsia alikuwa akimenya ndizi habari ilipofika kijijini kwake Keza kwamba kuhara damu kumemuua mwana wa dada yake, yule chotara mcheza ngoma. Kila asubuhi kambini kijana huyo alikuwa akiruka kando ya foleni ya maji, njuga miguuni, akiwaimbia wakimbizi wachemshe maji. Mtoto akilia, yeye alilia kama mbuzi mpaka mtoto acheke. Maiti ilipoletwa Keza, wazee wa ukoo wakauliza, “Baba yake Mwarabu. Tumchimbie kaburi kama nani wetu?”

“Alipowachezea harusini mlimwita mwanenu!” Leonsia akafoka. “Mungu anawasikia.”

Hakuna aliyeshika jembe. Wakimbizi ndio waliokuja, wakachimba, wakamshusha. Leonsia akasali Baba Yetu, akatupia udongo, na zile ndizi akawapikia wao.