Meno ya Nyota

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja, enzi za Waingereza, nilipokaribia kumharibu farasi kwa sababu ya haraka zangu tu.

Nilikuwa nimeshaota ndevu, nikitunza farasi kwenye shamba la mzungu mmoja kule Kisongo. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Anaeli, Mmeru wa upande wa Tengeru, mtu wa maneno machache. Tulikuwa na farasi jike aitwaye Nyota, wa miaka miwili. Mwili umejaa, manyoya yanang'aa, na wiki ile joto la kutaka dume lilikuwa limempanda. Nikamwambia mzee tumpandishe. Akasema, "Bado." Hakueleza zaidi, nami nikaona ananibania nisipate sifa kwa bwana mwenye shamba.

Basi mzee alipokwenda kanisani, nikampeleka Nyota kwa dume. Lo! Dume lilipomsogelea tu, aliruka, akakata kamba, akaparamia ua wa miti. Goti likachanika, damu ikatiririka mpaka kwenye kwato.

Mzee alirudi akanikuta namfuta kwa shati langu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Mzee alimtuliza Nyota, akamfunua mdomo.

"Tazama. Meno ya mbele yote ni ya utoto, hajang'oa hata moja. Mifupa yake bado inakua. Joto huja mapema, nguvu ya kubeba mimba huja baadaye. Ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza."

"Basi kesho utamweleza bwana mwenyewe. Nitakusindikiza."

Kesho yake nilimweleza bwana yote. Sikufukuzwa, maana mzee alisema, "Atamuuguza yeye." Nikamuuguza kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni, hadi kidonda kikafunga.

Nyota alipotimiza miaka minne, mzee akanituma nimkague mimi. Nikatazama meno, nikapapasa mgongo na mbavu, nikasubiri joto lake. Nikasema, "Nadhani sasa." Safari hii alisimama kimya mbele ya dume, mkia kando. Baada ya miezi kumi na moja alizaa mtoto mwekundu, na kabla chai yetu haijachemka mtoto alikuwa amesimama, ananyonya. Mzee Anaeli akanipa mkono. Ndiyo mara ya kwanza.

Mwanangu, dalili moja isikutoshe, uwe unapandisha mnyama au unataka kuoa. Anayejua akikwambia bado, muulize kwa nini kabla ya kumnunia. Na ukikosea usijifiche, sema, kisha uuguze ulichoumiza.

Mungu akuzidishie subira, mifugo yako izae salama, na nyumba yako isikose maziwa.